Tuna milioni 46 za usalama wa kata yetu: tumalizie kituo cha polisi, au tuzielekeze kwingine?

Mzawa wa Ghuba

Heshima kwenu wakuu, na kwa wakubwa zangu shikamooni.

Mimi ni katibu wa chama cha wazawa wa kata moja ya wilaya ya Magu, ambayo upande mmoja inapakana na maji ya Ghuba ya Speke na upande wa pili inaishia kwenye mashamba ya pamba na malisho. Wanachama wetu wako Mwanza, Dar es Salaam na Dodoma, na mmoja anafanya kazi Muscat. Kwa miaka minne tumekuwa tukichangishana shilingi 20,000 kila mwezi, na baada ya kuungwa mkono na wasamaria wema wawili, akaunti yetu sasa ina shilingi milioni 46. Huko nyuma tulinunua madawati, tukaezeka darasa, tukachimba kisima, mambo ambayo hayana ubishi. Safari hii mkutano mkuu umeamua fedha ziende kwenye usalama wa wananchi, na ubishi umeanzia hapo.

Uamuzi huo ulitokana na mwaka mbaya tuliopitia. Ndani ya miezi kumi na moja mazizi matatu yalivunjwa usiku, bibi mmoja aliyekuwa akiishi peke yake aliuawa kwa mapanga, vijana wawili wa bodaboda walifariki kwenye kona ile ile, na mtumbwi wa dagaa ulipinduka ukiwa na watu wanne, akarudi mmoja. Ni matukio manne yasiyofanana hata kidogo, lakini ukikaa msibani utasikia yote yakielezwa kwa maneno mawili tu, kwamba usalama umekwisha.

Wengi wetu wanataka tumalizie kituo cha polisi cha kata. Boma lake lilianzishwa na nguvu za wananchi mwaka 2016, likafika usawa wa linta, likaishia hapo, na sasa ndani limeota mbigiri na watoto wanachungia mbuzi humo. Wengine wanataka taa za sola pale senta. Kundi la tatu, ambalo ni la wazee wetu, linataka tuwanunulie sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, tochi, makoti ya mvua na pikipiki. Mimi sina upande, isipokuwa naogopa kuweka fedha za watu mahali ambapo baada ya miaka mitatu tutabaki na picha ya uzinduzi peke yake. Naomba maoni ya wenye uzoefu.

Mstaafu wa Daftari

Marahaba, Katibu. Nililitumikia Jeshi la Polisi kwa miaka 31, saba ya mwisho nikiwa mkaguzi wa kata, kwa hiyo nitazungumzia lile ninalolijua.

Kituo mnachokisema kitakuwa cha daraja C, yaani cha ngazi ya kata, na jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba mhisani anaweza kujenga kituo, ila askari wa kukaa ndani yake hawezi kumpata popote isipokuwa serikalini. Niliwahi kupangiwa kituo kilichojengwa na wahisani, kizuri, chenye marumaru mapokezini na bendera inayopepea. Hapakuwa na nyumba ya askari. Tulikuwa wanne, na sote tulipanga vyumba kwenye mji mdogo uliokuwa kilomita 9 kutoka hapo, kwa hiyo ikifika saa 12 jioni mlango ulifungwa kwa kufuli na funguo zikaondoka na mwenye zamu. Mtu aliyepigwa saa 3 usiku alikuwa na kituo cha marumaru kijijini kwake, na bado ilimlazimu asubiri mpaka asubuhi ili aandikiwe PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali. Popo ndio waliokuwa wakilala pale.

Ndiyo maana nashauri kwamba kabla hamjanunua hata mfuko mmoja wa saruji mwandikieni Mkuu wa Polisi wa Wilaya, mumuulize kwa maandishi ni askari wangapi atawaleta na watalala wapi. Akijibu kwamba ikama haitoshi, basi mmeokoa milioni 46 kwa gharama ya bahasha. Akijibu kwamba askari wapo, jengeni nyumba yao kwanza, nyumba mbili kwa moja, yenye tangi la maji, kwa sababu askari anayelala kijijini na ambaye mtoto wake anasoma shule ya kijijini anajua ni pikipiki gani ngeni imepita jana. Lile boma lina njia nyingine ya kukamilishwa. Serikali imekuwa ikimalizia majengo ya namna hiyo yaliyoanzishwa na wananchi kwa kutumia Mfuko wa Tuzo na Tozo wa Jeshi la Polisi, na mbunge wenu akiuliza swali bungeni mara mbili tatu huwa linasogea. Nyumba ya askari ndiyo husahaulika.

Sasa niseme jambo ambalo sikulisema nilipokuwa kazini. Pikipiki ya kata nilipewa na serikali, lakini mafuta yalikuwa ya kuunga unga. Mfanyabiashara mmoja wa pale, mtu mwema kweli kweli, alijitolea lita 20 kila mwezi, na sikuona ubaya wowote kwa sababu hakuwahi kuniomba chochote. Usiku mmoja zikaja simu mbili zikipishana kwa dakika chache. Ya kwanza ilikuwa ya mwanamke aliyefungiwa ndani na mumewe mlevi, ya pili ilikuwa ya mlinzi wa ghala la mfanyabiashara yule, aliyesikia vishindo. Nilikwenda ghalani. Vishindo vilikuwa vya mbwa. Yule mwanamke nilimkuta alfajiri kwa jirani, mkono umevunjika, na hakuna mtu aliyenilaumu kwa sababu hakuna aliyejua kwamba simu yake ilitangulia. Mwenyewe nilijua.

Kwa hiyo msitoe mafuta kwa mkono wa mtu mmoja. Kama mnataka kuchangia mafuta, yapitie kwenye ofisi ya Mkuu wa Polisi wa Wilaya kwa barua na stakabadhi, yawe ya chama na si ya fulani, na ombeni kwamba daftari la safari la pikipiki lisomwe mbele ya kamati ya ulinzi na usalama ya kijiji kila robo mwaka. Kamati hiyo ipo kisheria katika kila halmashauri ya kijiji, ni moja ya zile tatu za kudumu, ila vijiji vingi huikumbuka siku ya mwenge tu.

Sista Zamu ya Usiku

Afande mstaafu ameeleza vizuri. Mimi ni muuguzi wa kituo cha afya cha vijijini, na nitazungumzia wale vijana wawili wa kwenye kona.

Majeruhi wa bodaboda akinifikia saa moja baada ya ajali, mara nyingi nina la kufanya. Akinifikia baada ya saa nne, akiwa amekalishwa katikati ya watu wawili kwenye pikipiki nyingine huku kichwa kikining'inia, sina. Kinachotofautisha hali hizo mbili mara nyingi si polisi wala daktari, ni ubishi wa nani atalipia usafiri. Nimeshuhudia watu wakichangishana noti za elfu moja moja barabarani, majeruhi amelazwa kwenye majani, na mwenye gari amezima injini akisubiri elfu 60 itimie.

Tatizo hilo kwa wajawazito limepatiwa dawa, na dawa yenyewe imetokana kwa sehemu kubwa na fedha za hisani. Mfumo wa m-mama ulianza kwa majaribio Sengerema na baadaye Shinyanga kwa ufadhili wa taasisi ya hisani ya Vodafone na wenzake, kisha mwaka 2022 ukazinduliwa kuwa wa taifa zima chini ya serikali. Mama, ndugu yake au mhudumu wa zahanati hupiga 115 bila malipo, mpokeaji simu anauliza maswali yaliyopangwa ili kupima uzito wa hali, kisha anaita gari la wagonjwa, na kama halipo karibu anamwita dereva wa kijijini aliyekwisha kusajiliwa na kukubaliana bei. Dereva analipwa kwa simu baada ya kumfikisha mgonjwa. Halmashauri haikulazimika kununua magari mapya ndipo ianze, kwa sababu magari yalikuwepo tayari kijijini, na kilichokosekana ni mtu wa kuyaita na uhakika wa malipo.

Mfumo huo unahudumia wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Majeruhi wa ajali, aliyeumwa na nyoka, aliyeopolewa majini, hao hawamo. Milioni 5 zenu, zikiwekwa kwenye mfuko mdogo unaosimamiwa na kituo cha afya pamoja na serikali ya kijiji, na madereva wanne wenye makubaliano ya bei yaliyobandikwa ukutani, zingeziba pengo hilo. Aliyepona na mwenye uwezo angerudisha nusu. Ongezeni mafunzo ya siku mbili kwa madereva wa bodaboda, hasa namna ya kumgeuza majeruhi bila kumvunja shingo na namna ya kukandamiza jeraha linalovuja damu, kwa kuwa wao ndio hufika wa kwanza kila mara. Na ile kona, jamani, waombeni TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, wapunguze kichaka na kuweka alama. Barua haina gharama.

Mama wa Majiko

Nimesoma mada hii mara mbili, na kinachonisumbua ni kwamba bibi aliyeuawa ametajwa kwa nusu sentensi, kisha kila mtu amekimbilia mambo mengine. Naomba nimrudishe.

Nimefanya kazi na wazee wa Magu, Kwimba na Misungwi kwa zaidi ya miaka kumi kupitia asasi ndogo inayoendeshwa kwa ruzuku. Mauaji ya vikongwe kwa tuhuma za uchawi si jambo la mtaa mmoja, kwani Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kilihesabu watu 765 waliouawa nchini kwa imani hizo katika mwaka 2013 peke yake, na wengi wao walikuwa wanawake. Ukiuliza kijijini kwa nini bibi fulani alishukiwa, jibu litakuwa lile lile ulilolisikia tangu utotoni, kwamba alikuwa na macho mekundu. Usukumani kuni zimekwisha siku nyingi. Bibi anapikia mabua ya pamba na kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa, kwenye mafiga matatu, ndani ya nyumba ya msonge isiyo na dirisha, miaka hamsini. Macho yake yatakuwa na rangi gani?

Wenzetu wa MAPERECE, asasi iliyoanzia hapo hapo Magu na kusaidiwa na HelpAge, shirika la kimataifa la kutetea wazee, walilitazama jambo hilo kwa akili ya kawaida kabisa, wakaanza kuwajengea wazee majiko banifu pamoja na kuwaelimisha majirani kuhusu chanzo cha wekundu ule. Sisi tuliwafuata. Jiko lenyewe ni la udongo wa kichuguu uliochanganywa na majivu, lina matundu mawili, na nyuma yake kuna bomba la kutolea moshi linalopenya ukutani. Fundi hulimaliza kwa siku moja, kisha linaachwa likauke wiki mbili, na gharama yake yote haifiki bei ya mbuzi. Nakumbuka bibi mmoja ambaye siku tuliyowasha moto wa kwanza alikaa akitazama darini, akaniuliza kwa Kisukuma moshi umekwenda wapi. Nilimtoa nje nikamwonyesha.

Hata hivyo sitaki mdhani kwamba jiko linazuia panga. Macho mekundu ni kisingizio, na nyuma ya kisingizio mara nyingi kuna shamba. Mjane anaishi kwenye ekari tano ambazo watoto wa shemeji wanazitaka, ng'ombe wa mmoja wao wanakufa, anakwenda kwa mpiga ramli, na ramli inaangukia pale pale ambapo kila mtu alikuwa anapatazama tangu mwanzo. Serikali imewakamata sana hao wapiga ramli chonganishi, na inafaa, lakini siku mjane anapokuwa na karatasi inayoonyesha kwamba shamba ni lake na wosia unaosema litakwenda kwa nani, faida ya kumuua inapungua. Hapo ndipo fedha kidogo hufanya kazi kubwa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, na wengi wao wanafanya kazi kwa kujitolea, wakipata nauli na mafunzo kutoka kwa wafadhili. Msaidizi mmoja mwenye baiskeli, akilipiwa nauli na karatasi, anaweza kuwafikia wajane wote wa kata ndani ya msimu mmoja wa kiangazi. Hatimiliki ya kimila hutolewa na kijiji, ila gharama za kupima mipaka ndizo huwakwamisha, na hizo mnaweza kuzibeba.

Kisha kuna mlango. Mwambieni yeyote kati yenu aende akautazame mlango wa yule marehemu kama nyumba bado imesimama. Mimi simjui, lakini nina hakika ulikuwa wa mabati mepesi au wa mabanzi, umefungwa kwa kamba ya katani au kitasa cha waya. Mlango wa mbao wenye komeo la ndani, filimbi shingoni, na jirani aliyekubali mbele ya mkutano kwamba akiisikia filimbi ile atapiga mwano, yaani yowe la kuita msaada, hivyo vitatu hupewa wazee wetu wote wanaoishi peke yao. Hakuna aliyewahi kuja kuvizindua na hakuna aliyeomba vipakwe rangi za chama.

Kasia

Naomba niongezee upande wa maji, kwa sababu mimi ni mvuvi na ninyi wa nchi kavu huwa mnatusahau.

Dagaa huvuliwa usiku usio na mbalamwezi, kwa taa, mbali na ufukwe. Upepo wa ziwani hubadilika ghafla, na ukikukuta na mtumbwi uliojazwa, huna muda hata wa kusali. Wengi wetu hatujui kuogelea, ingawa tumezaliwa pale. Mwanza kuna shirika la EMEDO linaloendesha mradi wa kuzuia vifo vya kuzama kwa kushirikiana na RNLI ya Uingereza, na watu wakishangaa habari ya usalama kuendeshwa kwa hisani nawaambia wajifunze kutoka huko, kwa sababu RNLI ni taasisi ya uokoaji baharini iliyoanzishwa mwaka 1824 ambayo mpaka leo hutegemea zaidi michango ya watu, na wengi wa mabaharia wake ni wa kujitolea.

Ombi langu ni jaketi okozi, lakini msizigawe bure bila utaratibu. Ziligawiwa kwetu mara moja, baada ya mwezi zikawa mito ya kulalia na nyingine zikauzwa. Zikabidhiwe kwa BMU, kikundi cha wananchi kinachosimamia uvuvi wa mwalo, zikodishwe kwa bei ya chai, na mtumbwi usisukumwe bila nazo. Mwenye mtumbwi akijua kwamba mwenzake naye hatoki bila jaketi, hataona kwamba anapoteza muda peke yake.

Mlipa Kodi

Nimevumilia mpaka hapa. Wakuu, mnajenga nyumba ya askari, mnanunua mafuta ya polisi, mnalipia usafiri wa majeruhi, mnapima mashamba. Swali langu ni moja: kodi zetu zinafanya nini? Kila tunapoziba pengo la serikali kwa mifuko yetu, tunaipa sababu ya kutolijaza. Pia kata ambayo haina wazawa waliofanikiwa mjini itabaki gizani, wakati ninyi mna marumaru.

La pili ni zito zaidi, nalo ni kuhusu pikipiki na vifaa vya sungusungu. Ninawaheshimu sungusungu. Walipoanza Kahama na maeneo jirani mwanzoni mwa miaka ya 1980 walikomesha wizi wa ng'ombe uliowashinda polisi, na ndiyo maana mwaka 1989 sheria ya mgambo ilirekebishwa ili wapate kutambuliwa. Lakini sungusungu hao hao, katika baadhi ya maeneo, waliwahukumu wanawake kwa uchawi kwa kura za siri na kuwafukuza vijijini. Mama wa Majiko analijua hilo kuliko mimi. Ukimwongezea nguvu mtu ambaye hana wa kumhoji, umewaongezea hatari wale ambao hawana wa kuwatetea.

Tazameni pia kaskazini mwa Kenya, ambako fedha nyingi za wahisani wa kigeni zimeingia kwenye hifadhi za jamii zilizo chini ya mwavuli wa Northern Rangelands Trust tangu 2004. Zipo jamii zinazosema wizi wa mifugo ulipungua na barabara zikapitika, na zipo zinazolalamika kwamba walinzi wenye silaha wamewaumiza wafugaji, jambo ambalo taasisi hiyo imelikanusha. Mwezi Januari 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ilitamka kwamba hifadhi mbili kati ya hizo zilianzishwa kinyume cha sheria kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mwenye bunduki ambaye mshahara wake unatoka kwa mfadhili, mwananchi akidhulumiwa naye ampeleke wapi?

Mama wa Majiko

Ndugu Mlipa Kodi, kuhusu sungusungu nakuunga mkono kwa asilimia mia. Nimewahi kukaa na mwanamke aliyefukuzwa kwa kura hizo, akahamia kwa mwanawe Sengerema, hakurudi hata kuzika.

Kuhusu kodi sikubaliani nawe moja kwa moja. Namba 116 ambayo mtoto yeyote anaweza kuipiga bure kueleza kwamba anateswa inaendeshwa na C-Sema, ambayo ni asasi ya kiraia, kwa makubaliano na serikali. Kule Mugumu, Serengeti, wasichana wanaokimbia kukeketwa hupokewa kwenye nyumba salama ya Hope for Girls and Women, shirika lililoanzishwa na Rhobi Samwelly, na wanaojitolea duniani kote wamekuwa wakichora vijiji vya huko kwenye ramani ya mtandaoni kwa sababu polisi wa Dawati la Jinsia walikuwa wakipigiwa simu usiku na hawajui kijiji kilichotajwa kiko njia ipi. Ramani hiyo haikumzuia askari kuwa askari wa serikali. Ilimwonyesha barabara. Napima msaada kwa swali hilo hilo: mwenye dhamana akimaliza kuupokea, amekuwa na nguvu zaidi ya kufanya kazi yake, au amekuwa mtu wako?

Mstaafu wa Daftari

Kwa kifupi tu, namuunga mkono Mlipa Kodi kuhusu pikipiki ya sungusungu. Wapeni tochi, makoti ya mvua na daftari la zamu. Pikipiki itabeba mtuhumiwa usiku kwenda mahali pasipojulikana, na asubuhi mtatafutana.

Mzawa wa Ghuba

Nimewasoma wote, na jana usiku tulikutana kwa simu tukiwa wajumbe tisa. Siwezi kusema tumekubaliana juu ya kila kitu. Mwenzetu wa Muscat alikasirika, kwa sababu alikwisha waahidi wazazi wake jiwe la msingi. Ila barua ya kwenda kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya nimeiandika leo asubuhi, na nakala nimempelekea mtendaji wa kata.

Wakati tukisubiri jibu, tumetenga fedha za milango na majiko kwa wazee wote wanaoishi peke yao. Mwenyekiti wa kijiji kimoja alinitumia orodha ya majina 14, na nilipompigia shangazi yangu kumsomea, alinitajia mengine sita ambayo mwenyekiti hakuyaona, likiwemo la mwanamke anayeishi mita 200 kutoka kwa mwenyekiti huyo. Nilimuuliza shangazi kuhusu mlango wa marehemu. Akasema ulikuwa wa mabati, umeegeshwa kwa jiwe.

Mfuko wa usafiri wa majeruhi nao umepita, kwa milioni 5 kama alivyoshauri Sista. Habari ya mwalo tumeiahirisha mpaka tuzungumze na BMU, kwa kuwa kati yetu hakuna anayevua. Sungusungu watapata tochi na makoti tu, na wazee wameambiwa kwamba sababu ni upungufu wa fedha, jambo ambalo si la kweli kabisa, lakini mnajua namna wazee wetu walivyo.

Ninalo swali moja lililobaki. Chama chetu kimesajiliwa chini ya Sheria ya Vyama, si asasi isiyo ya kiserikali, kwa hivyo ile kanuni ya mwaka 2018 inayozitaka asasi kutangaza ufadhili unaozidi shilingi milioni 20 haitugusi moja kwa moja. Baadhi ya wajumbe wanasema basi tunyamaze, tusije tukaombwa kila siku. Mimi naona tubandike hesabu kwenye ubao wa ofisi ya kijiji na zisomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Mnaonaje?

Sista Zamu ya Usiku

Bandikeni. Na kwenye mfuko wa majeruhi bandikeni bei ya kila dereva kwa herufi kubwa, pamoja na majina ya watu watatu wanaoweza kuidhinisha safari usiku, wawili wao wawe wanawake wanaolala hapo hapo kijijini. Mkiweka mtia saini mmoja, siku ya ajali atakuwa amekwenda mnadani.

Mstaafu wa Daftari

Ile barua usiitume kwa posta. Ipelekwe kwa mkono, igongwe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako, na usiende Jumatatu, kwa kuwa siku hiyo ofisi inajaa mashauri ya mwishoni mwa juma. Nenda Jumatano, mapema, ukiwa na mwenyekiti wa kijiji. Na yule bwana wa Muscat mwambieni kwamba nyumba ya askari nayo huwa ina jiwe la msingi.